Usitie Kidole Gumba Kabla ya Kuona Makaratasi

Hapa Kolwezi, mkoani Lualaba nchini Kongo, mtu akipigwa na walinzi wa mgodi, au kijana akifukiwa ndani ya shimo lililoachwa bila uzio, au msichana akibakwa kando ya ukuta wa eneo la uchimbaji, familia yake hupewa ushauri uleule. Chefu wa mtaa anautoa, mchungaji anautoa, na mara nyingi avoka mwenyewe anautoa: chukueni kitu, mutie sahihi, mambo iishe. Kampuni ni kubwa, tribinali inachelewa, kesi inakula miaka. Kudai makaratasi ya kampuni ni kazi ya mashirika ya Ulaya. Mwenye njaa hali karatasi.

Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengi wao wamesindikiza familia kwenye kesi zilizokufa mikononi mwa makarani, wakaona baba akiuza pikipiki ili alipe ada za mahakama. Wanaogopa kuwaona watu wakipoteza hata kile kidogo. Hata hivyo, ushauri wao una kosa la msingi, na kosa hilo linawagharimu hasa wale wanaodhani wanawasaidia. Wanaamini kwamba kudai makaratasi na kupatana ni njia mbili, na kwamba maskini lazima achague ya pili. Ukweli ni kwamba bila ya kwanza, ya pili haipo. Kinachobaki ni upande mmoja kutaja bei na upande mwingine kuinamisha kichwa.

Tazama karatasi yenyewe inayotiwa sahihi. Zile nilizozisoma zilikuwa za kurasa mbili au tatu, kwa Kifaransa cha ofisi, zikisomwa mbele ya watu wanaoota ndoto zao kwa Kiswahili, Kisanga au Kiluba. Mstari wa kwanza unasema kampuni haikubali kosa lolote. Wa pili unasema pesa zinatolewa kwa moyo wa ubinadamu. Kisha familia inaacha madai yote, ya leo na ya kesho, dhidi ya kampuni, kampuni mama, wakandarasi na walinzi wake. Kisha inaahidi kutomwambia mtu. Chini kuna nafasi ya kidole gumba na kisahani cha wino wa buluu. Utatafuta saa ya tukio, haimo. Jina la mlinzi halimo, wala jina la kampuni ya ulinzi iliyomleta, wala la askari wa polisi ya migodi aliyekuwa naye. Mama anatoka na bahasha, na tangu siku hiyo hakuna popote palipoandikwa jinsi mtoto wake alivyokufa.

Wakati huohuo, mita chache kutoka meza hiyo, kabati limejaa majibu. Kuna daftari la zamu linaloonyesha nani alikuwa getini saa nane usiku. Kuna ripoti ya tukio, kwa kuwa migodi mikubwa kwa kawaida huwataka watu wake waiandike. Kuna picha za kamera, rejista ya zahanati ya mgodi, mkataba na kampuni ya ulinzi, na hati za posho wanazolipwa polisi wanaolinda eneo. Kama kesi ni ya maji, kuna vipimo vya maabara, huku mkulima wa bonde la Luilu ana macho yake tu na mahindi yaliyoungua. Mchimbaji yeyote aliyepeleka gunia kwenye depo za wanunuzi kule Musompo anaijua hali hii: mzani ni wa mnunuzi, na mashine ya Metorex inayosoma asilimia ya kobalti ni ya mnunuzi vilevile, basi bei inatajwa na yule aliyeiona namba peke yake. Kwenye depo tunaita hali hiyo wizi na tunapandisha sauti. Kwa nini kwenye damu ya mtu tunaiita hekima?

Mfano mkubwa wa kanda yetu katika jambo hili uko Kenya. Mwaka 2009 wazee watano waliofungwa na kuteswa katika kambi za wakoloni wakati wa Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Jibu la kwanza la serikali ile linafaa kusomwa na kila avoka wa Lualaba, maana tutalisikia tena. Haikusema kwamba hawakuteswa. Ilisema kwamba deni si lake: serikali ya kikoloni ilikufa mwaka 1963, na aliyerithi madeni yake ni Kenya huru. Yaani waliopigwa walitakiwa waishtaki serikali yao wenyewe. Jibu la pili lilikuwa kwamba muda umepita.

Kilichobadilisha kesi ile ni makaratasi. Wanahistoria waliosimama upande wa wazee, David Anderson miongoni mwao, walieleza kwamba kuna mafaili yaliyoondolewa Nairobi kabla ya uhuru na hayajulikani yalipo. Mawakili wakaidai serikali iyatoe, wakarudia, wakarudia tena. Mwaka 2011 serikali ikakiri: yalikuwa Hanslope Park, jengo la serikali lenye ulinzi mkali, pamoja na maelfu ya mafaili ya makoloni mengine, jumla karibu 8,800 kutoka makoloni 37. Ndani yake mlikuwa na barua za maofisa wakijadiliana jinsi ya kuandika sheria ili kipigo kiwe halali. Oktoba 2012 jaji McCombe alikataa hoja ya muda kupita, na sababu yake mojawapo ilikuwa kwamba nyaraka zilizopo ni nyingi kiasi cha kuwezesha kesi ya haki hata baada ya nusu karne. Miezi minane baadaye, tarehe 6 Juni 2013, waziri William Hague alisimama bungeni akaeleza masikitiko ya serikali yake na kutangaza mapatano: jumla ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, gharama za kesi zikiwa ndani yake, na mnara wa kumbukumbu Nairobi.

Tuangalie mpangilio wa mambo hapo. Serikali haikuwa na huruma mwaka 2009 ikaanza kuwa nayo 2013. Watu walikuwa walewale na makovu yaleyale. Kilichoingia katikati ni makaratasi, na mapatano yakafuata. Susan Ngondi, mmoja wa wale watano, alifariki mwaka 2010 bila kuyaona. Hilo linaniuma, na ndilo jambo zito zaidi upande wa wanaonipinga: watu hufa wakisubiri. Lakini aliyeichelewesha haki ya mama yule ni yule aliyeyaficha mafaili. Lawama ikimwendea aliyeyadai, tumemsaidia mfichaji mara mbili.

Sitaficha pia kwamba kesi ya pili ya London, ya wadai wapatao 40,000, ilianguka mwaka 2018. Jaji Stewart aliona kwamba muda umepita mno na mashahidi wengi hawapo tena. Makaratasi peke yake hayatoshi, na hayasubiri milele. Ndiyo maana ubishi juu yake lazima uanze mapema, wakati mlinzi wa zamu bado yuko mjini na daktari aliyefunga jeraha bado anakumbuka.

Hapo wanaonipinga husema: hao walikuwa London. Sisi kesi yetu ya Marekani ilikwishaje? Ni swali la haki. Desemba 2019, familia za watoto waliokufa au kulemazwa kwenye machimbo ya kobalti ya hapa kwetu zilizishtaki Apple, Google, Dell, Microsoft na Tesla mjini Washington. Novemba 2021 jaji aliitupa kesi. Machi 2024 mahakama ya rufaa ilikubaliana naye: kununua kobalti kupitia mnyororo mrefu wa wauzaji, ilisema, si kushiriki katika ubia wa kuwatumikisha watoto kwa maana ya sheria ile. Mjini watu walihitimisha: mnaona? Afadhali mngechukua kitu.

Mimi nasoma kesi hiyo vingine. Haikufika kamwe kwenye hatua ya kuonyeshana nyaraka. Mlango ulifungwa kwenye hati ya madai, kabla kampuni yoyote haijalazimishwa kufungua faili hata moja. Kwa hiyo haithibitishi kwamba kudai makaratasi hakuna faida, kwa kuwa makaratasi hayakufunguliwa. Inachofundisha ni kwamba njia kutoka simu ya California hadi shimo la Kolwezi ni ndefu mno kisheria, na kwamba mwenye shimo yuko karibu zaidi. Mwenye shimo tunaye hapa, na sheria inayomshika tunayo. Sheria ya Madini, ilivyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inasema katika kifungu cha 285 bis kwamba mwenye haki ya madini anawajibika kwa madhara ya shughuli zake kwa watu, mali na mazingira hata bila kosa wala uzembe. Akitaka kujinasua, yeye ndiye athibitishe kwamba madhara yametoka kwingine. Mzigo wa ushahidi umehamia begani mwake. Na atathibitisha kwa nini kama si kwa makaratasi yake? Familia inayopatana bila kuyaona inamrudishia mzigo ambao bunge lilikwisha kumtwika.

Nasikia pia, hasa kwa mawakili wenye umri, kwamba kulazimishana kutoa nyaraka ni desturi ya Waingereza na Wamarekani, haimo katika sheria tuliyorithi kwa Wabelgiji. Kweli, hatuna utaratibu mpana kama wa London. Lakini sheria yetu ya mwenendo wa madai ya tarehe 7 Machi 1960 inampa hakimu uwezo wa kuwahoji mashahidi, kuteua mtaalamu, na kushuka mwenyewe kwenye eneo. Hakimu anayeshuka mgodini na karani wake akaomba daftari la zamu la tarehe fulani hajaiga Wamarekani. Tena, chimbuko la sheria tuliyorithi, yaani kanuni ya Napoleon ya mwaka 1804 ambayo Ubelgiji iliichukua, lilikuwa na kifungu kuhusu mapatano: hata pale watu walipopatana juu ya kila kitu kati yao, mapatano yaliweza kuvunjwa ikiwa baadaye itaonekana upande mmoja ulizuia hati kwa tendo lake. Waliotunga kanuni ile hawakuwa wanaharakati. Walijua tu kwamba sahihi ya mtu aliyefichiwa si sahihi kamili.

Jambo moja linanikera kuliko yote. Ukweli kuhusu migodi yetu hutolewa, lakini hutolewa kwa wengine. Desemba 2018, Katanga Mining, iliyokuwa na asilimia 75 ya kampuni ya mgodi KCC hapa Kolwezi, ilipatana na tume ya masoko ya hisa ya Ontario. Kosa lilikuwa kuwapa wenye hisa taarifa zisizo sahihi kuhusu uzalishaji wa shaba, na kutowaeleza hatari ya rushwa katika kufanya kazi na mfanyabiashara Dan Gertler. Kampuni na wakuu wake walilipa zaidi ya dola milioni 30 za Kanada, na mapatano hayo yaliandikwa pamoja na maelezo ya yaliyotendeka, yakasikilizwa hadharani. Mei 2022 Glencore, kampuni mama ya Katanga Mining, ilikiri katika mahakama ya New York kwamba ililipa kiasi cha dola milioni 27.5 kwa watu wa kati ikikusudia sehemu yake iwe hongo kwa maofisa wa Kongo. Hilo nalo limeandikwa, likachapishwa. Baada ya makaratasi hayo kutoka, Desemba 2022, serikali yetu ilipatana na Glencore kwa dola milioni 180 kwa mambo ya miaka 2007 hadi 2018.

Mwenye hisa wa Toronto alielezwa kilichotokea. Serikali ya Kinshasa ilipata nguvu ya kudai kwa sababu kilichotokea kilikwisha kukiriwa kwa maandishi. Ni mama wa Kapata na mvuvi wa ziwa Nzilo tu wanaoambiwa kwamba kujua ni anasa.

Turudi kwenye hoja ya urithi, ile ya Waingereza, kwa kuwa hapa ndipo ukanda huu wa shaba unapodanganywa mara kwa mara. Migodi hubadilisha majina na wenyewe. Union Minière ilijenga bwawa la Nzilo mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikataifishwa mwaka 1967, mali zake za Kongo zikaenda kwa kampuni ya serikali, ambayo leo ni Gécamines. Kampuni yenyewe iliendelea Ubelgiji na leo inaitwa Umicore, na nyaraka zake nyingi za enzi ile ziko Brussels. Nenda na malalamiko ya zamani, kila mmoja atakuelekeza kwa mwingine. Mtu akifa, tunajua la kufanya: mrithi akichukua nyumba na shamba anachukua na madeni, na familia haimruhusu kusema hakuliona daftari la marehemu. Kampuni ikifa au ikinunuliwa, mrithi wake anachukua mashimo, mitambo na hati za umiliki, halafu anasema mambo ya zamani hayamhusu.

Kilwa iliupitia uchungu huo. Oktoba 2004 jeshi liliingia katika mji ule ulio kando ya ziwa Mweru na kuua watu zaidi ya 70. Magari na ndege ya Anvil Mining, mwenye mgodi wa Dikulushi, vilitumika. Kampuni ilisema vilichukuliwa kwa amri ya jeshi. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi mjini Lubumbashi iliwaachia huru wafanyakazi wake watatu walioshtakiwa. Familia zikaenda Quebec. Aprili 2011 jaji alikubali kusikiliza, Januari 2012 mahakama ya rufaa ikakataa, na Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Kanada ikafunga mlango. Katikati ya hayo yote Anvil ilinunuliwa na Minmetals Resources, ambayo sasa ni MMG. Agosti 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake: serikali ya Kongo iwalipe wahanga wanane waliotajwa na familia zao dola milioni 2.5. Swali la nani aliamuru lori lipi liende wapi, siku ile, saa ile, halikuwahi kufunguliwa mbele ya hakimu wa madai kwa karatasi za kampuni mezani.

Na bado makaratasi yakihifadhiwa hushinda. Wanawake watano waliozaliwa Kongo na mama Waafrika na baba wazungu, wakanyang'anywa wakiwa wadogo na kupelekwa misheni, waliishtaki serikali ya Ubelgiji. Mwaka 2021 walishindwa. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ilisema walichotendewa ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, na ikaamuru kila mmoja alipwe euro 50,000. Utawala wa kikoloni ulikuwa umeandika kila kitu kwa mkono wake: amri, orodha, majina. Aliyetenda ndiye aliyekuwa shahidi wao.

Kuhusu usiri nitasema kwa uangalifu, maana hapa wanaonipinga wana nusu ya haki. Mwanamke aliyebakwa ana haki ya jina lake kutotajwa sokoni, na familia haitaki kila jirani ajue imepokea kiasi gani. Hakimu anaweza kuandika herufi mahali pa jina, akasikiliza ushahidi mlango ukiwa umefungwa, akaamuru ripoti ya daktari isomwe na mawakili tu. Siri ya aina hiyo inamlinda aliyeumia. Ile inayoandikwa kwenye karatasi za kidole gumba inamlinda aliyeumiza, na hizi mbili hazipaswi kupita katika kifungu kimoja. Wala tusisahau kwamba tangu sheria za Julai 2006, faini ya kumaliza mambo kwenye parke haitumiki kwa makosa ya ubakaji. Bahasha ya kampuni haiwezi kununua kimya ambacho sheria imekataa kukiuza.

Kuhusu siri hiyo ya pili, linganisha mgodi na shamba la jirani zetu. Kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, Tanzania, wanakijiji walipewa fidia ndogo wakitia sahihi kuacha haki ya kushtaki. Waliokwenda London walipatana na kampuni mwaka 2015 kwa masharti ya siri. Mwaka 2020 wengine walilazimika kwenda London tena, kwa malalamiko mapya ya watu kuuawa na kujeruhiwa. Siri haikuzuia risasi. Nchini Kenya, wanaoishi kando ya shamba la Kakuzi walidai kwamba walinzi wake waliua, kubaka na kupiga watu. Camellia, kampuni mama ya Uingereza, ilipatana nao Februari 2021 kwa hadi pauni milioni 4.6, bila kukubali kosa, lakini masharti makuu yalitangazwa: walinzi wanawake waajiriwe, barabara zinazopita shambani ziwe wazi kwa majirani, vituo vya jamii vijengwe. Anayeishi pale leo anaweza kuuliza kama barabara imefunguliwa. Wa Kolwezi aliyetia kidole hawezi kuuliza chochote.

Sisemi kila familia isubiri miaka mitano. Mtoto akihitaji upasuaji leo, kampuni ilipe hospitali leo, kwa hati isemayo wazi kwamba malipo hayo hayafuti madai. Avoka anayeshindwa kudai sentensi hiyo moja hajui kazi yake. Sisemi pia mtu adai kila faili la kampuni tangu ianze. Hakimu atachoka, na kampuni itajaza chumba kwa maboksi yasiyo na maana. Omba vichache vyenye tarehe: daftari la zamu la siku tatu, ripoti ya tukio, picha za kamera za geti lile, rejista ya zahanati, mkataba wa ulinzi, malipo kwa polisi mwezi ule. Kampuni ikisema ni siri ya biashara, hakimu azisome kwanza peke yake. Ikisema zimepotea, iandike hivyo chini ya sahihi ya mkurugenzi, na karatasi hiyo iende kwenye faili. Kisha kaeni mpatane, na mapatano yaeleze kilichotokea, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

Haya yote yanategemea barua moja ya kuitaka kampuni isifute wala isichome kitu. Kamera nyingi hujifuta zenyewe baada ya wiki chache, na walinzi wa wakandarasi huhamishwa kutoka Kolwezi hadi Fungurume au Likasi mara tu baada ya tukio. Barua hiyo ni ukurasa mmoja na haihitaji ruhusa ya hakimu. Iandikwe wiki ileile ya msiba, hata kabla ya matanga kuisha, ipelekwe kwa mkono getini na kwa ofisi ya idara ya madini ya mkoa, na nakala ya familia irudi ikiwa na muhuri wa kupokelewa, tarehe na saa.